Tupeane uzoefu: mtoto wako (au wewe mwenyewe) alisaidiwaje kwenye darasa la elimu maalumu, sekondari ya chini?

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nafundisha kitengo cha elimu maalumu, wanafunzi wa miaka 12 hadi 15, huu ni mwaka wangu wa nne. Kabla ya hapo nilikuwa shule ya msingi, na nilipohama nilidhani naenda kufanya kazi ile ile, ila kwa watoto warefu zaidi. Weee!

Msingi mtoto ana mwalimu mmoja anayemjua hadi anavyokohoa. Huku ana walimu tisa au kumi, kila mmoja na masharti yake, kengele ikilia anahama chumba. Halafu ndio umri ambao mtoto yuko radhi apate sifuri kuliko wenzake wamwone akisaidiwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimwandalia binti mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi makubwa, nikampelekea mwenyewe katikati ya kipindi kwenye darasa la kawaida, najiona nimefanya la maana. Akaipokea, akaikunja, akaikalia. Kipindi kizima ameikalia.

Toka siku ile nina swali moja: unamsaidiaje mtoto wa umri huu bila kumwanika? Karibuni wazazi, walimu, na hasa ninyi mliopita huko mkiwa wanafunzi. Nadharia ninazo kabati zima, nataka yaliyowakuta.

Mama Pacha

Asante mwalimu. Wanangu ni pacha, mmoja ana disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno), mwenzake hana, kwa hiyo hapa nyumbani tofauti tunaiona mezani kila jioni. Msingi alikuwa anafaulu kwa masikio, anasikiliza anakariri. Alipopanda, kila somo likawa ni kusoma. Historia kusoma, sayansi kusoma, hata hesabu imegeuka hadithi ndefu ya matangi yanayovuja. Akaanza kuumwa tumbo kila Jumanne. Nimezunguka na tumbo hilo kwa madaktari, kumbe Jumanne ni siku ya kusoma kwa sauti kwa zamu.

Aliyegundua ni mwalimu wa kitengo. Akazungumza na mwalimu wa lugha, wakakubaliana mtoto asishtukizwe. Siku moja kabla anapewa aya yake, anaisoma kitengoni na nyumbani mara nne, tano, kesho yake zamu ikimfikia ni aya hiyo hiyo. Darasa halikujua kitu. Tumbo likapona bila dawa.

Baada ya hapo ndipo wakaanza kazi yenyewe: dakika 20 kila siku za kulinganisha sauti na herufi, kukata maneno marefu silabi kwa silabi, kurudia ya jana kabla ya kugusa ya leo. Sayansi alijibu maswali yale yale ya wenzake, ila kwa mdomo, mwalimu anaandika. Bado anasoma polepole, siwadanganyi. Ila anasoma.

Baba K

Mimi naomba niwaharibie hali ya hewa kidogo. Shule ya kwanza mwanangu alipaka rangi mwaka mzima. Ana ulemavu wa akili, miaka 13, anapakishwa rangi picha za vipepeo. Nilipodai mpango wake binafsi wa kujifunza nikaletewa karatasi: "Ataboresha stadi za kusoma na kujitegemea." Nikauliza, ataboresha kutoka wapi hadi wapi? Kimya. Baadaye mzazi mwenzangu akanionesha wa kwake. Maneno yale yale, wamebadilisha jina tu.

Tukahama. Huko tulikohamia mwalimu alikaa na mtoto wiki mbili anamtazama tu, kisha akaandika: "Atapanga begi la kesho kwa kufuata ratiba ya picha, bila kukumbushwa, siku 4 kati ya 5." Nilikasirika, nisiwafiche. Sekondari nzima tunafundishana kupanga begi?

Walivyomfundisha ndivyo vilivyonifunga mdomo. Walianzia mwisho. Mwalimu anapanga kila kitu, mtoto anaingiza daftari la mwisho na kufunga zipu, basi, kazi imeisha na aliyeimaliza ni yeye. Akizoea, anaachiwa madaftari mawili ya mwisho. Kisha matatu. Kila siku anaonja kumaliza, hakuna siku anaishia njiani akilia. Miezi mitatu na ushee, begi lote lake. Na kwenye ratiba ile ya picha alijifunza siku za wiki, na saa, na kusoma majina ya masomo saba, vitu ambavyo vipepeo havikumfundisha. Siku hizi ananikagua na mimi kama nimebeba miwani.

Jicho Hafifu

Mwalimu wa Zamu, mimi ni huyo binti wako, ila wa shule nyingine na wa kiume.

Mimi karatasi zangu zilikuwa zinakuzwa mara mbili, linakuja shuka linafunika dawati langu na la jirani. Ukiligeuza, darasa zima linasikia. Kioo cha kukuzia nilikiacha begini miaka miwili, nikawa naandika kwa kukisia. Kilichonisaidia ni vitu vya kijinga kabisa: kalamu nyeusi nene, kiti upande wa dirisha lakini mgongo kwenye mwanga ili ubao usinimulike, na mwalimu mmoja wa jiografia aliyekuwa na tabia ya kutamka kila anachoandika. Hakuwa ananifanyia mimi, alizoea tu.

Walimu wa hesabu, nawaombeni. "Hii ukiijumlisha na hii, halafu unaihamishia hapa." Hii ipi? Hapa wapi?

Mzee wa Milinganyo

@Jicho Hafifu umenipiga mshale wa kifua. Nimefundisha hesabu miaka 22 na nimesema "hii na hii" pengine mara milioni. Mwalimu wa kitengo alinirekodi kwa simu dakika kumi akanisikilizisha nimefumba macho. Sikuelewa somo langu mwenyewe.

Nyongeza moja. Nilikuwa na kijana ambaye tarakimu zake hazikai kwenye safu, makumi yanaangukia kwenye mamoja, anakosa si kwa kutojua. Kitengo kikashauri daftari la miraba, kila tarakimu na kisanduku chake. Nikagoma kumpa peke yake, nikaagiza darasa zima watumie. Makosa yakapungua hata kwa wale tuliokuwa tunawaita wazembe.

Kimyakimya

Huwa nasoma tu siandiki. Nina usonji. Nilipewa kadi ya kutoka: nikizidiwa na kelele naiweka kwenye kona ya dawati, natoka, nakaa kitengoni dakika kumi, narudi. Hakuna kuulizwa mbele ya watu.

Nilikuwa naitumia kila Jumatatu na Alhamisi, kipindi cha kwanza baada ya mapumziko. Mwalimu wa somo akasema nakimbia somo lake. Mwalimu wa kitengo akafungua daftari, akaandika wiki tatu: kilichotangulia, nilichofanya, kilichofuata. Ikaonekana sikukimbia somo. Ni ule mlango. Watu arobaini wanaingia kwa mkupuo, viti vinaburuzwa, watu wananigusa. Nikaruhusiwa kuingia dakika tano kabla yao. Kadi ikabaki mfukoni, nilipenda kujua ipo.

Fundi Swali

Naheshimu yote haya, lakini hicho kitengo chenyewe si ndicho kinachomtenga mtoto? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 24, unataka elimu jumuishi. Kwa nini kuwe na mlango wenye kibao?

Mwalimu wa Zamu

Swali zuri, mkuu, na sina jibu la kukumaliza. Kifungu hicho hicho kinataka pia msaada unaolingana na mtu mmoja mmoja, na ushauri wangu ni kuvisoma pamoja. Kitengo nakiona kama chumba cha kuingia na kutoka. Wapo wanaokaa kwangu kipindi kimoja kwa siku, wapo wawili wanaoshinda humo, na hao ndio wananinyima usingizi.

Lakini kumwingiza darasa la kawaida na kumganda ni utengano vilevile. Nilikuwa na mwalimu msaidizi, mchapakazi kweli, kiti chake kimegusana na cha mtoto. Swali likiulizwa, mtoto anamtazama yeye. Wenzake wakitaka kalamu wanamwomba yeye. Tukakisogeza kiti safu moja nyuma, baada ya wiki kadhaa safu mbili, mwisho karibu na mlango, akawa anasaidia yeyote anayenyoosha mkono. Mwezi wa kwanza mtoto alishuka alama. Mzazi alikuja juu, na nilimwelewa.

Mama Pacha

Mwalimu, umetuacha hewani. Yule binti wa karatasi je?

Mwalimu wa Zamu

Ah, yule! Ilinichukua muhula mzima kupata akili ya kumuuliza. Akanijibu bila hata kufikiri: maandishi yawe makubwa, karatasi iwe ya kawaida kama za wenzake, hata zikiwa nne badala ya moja, na zigawiwe pamoja na za wengine, yake iwe chini kabisa ya rundo. Hiyo tu. Yuko mwaka wa mwisho sasa, na lalamiko lake la wiki hii ni kwamba pini zangu za stepla hazishiki.