Masanduku ya mteja kujichotea dukani: naomba vipimo kabla fundi hajakata mbao

MamaIsevya:

Habari zenu wakuu. Nina duka la rejareja hapa Tabora mjini, Isevya. Nauza mchele, maharage ya aina tatu, choroko, karanga, sukari, unga wa dona na dagaa wa Kigoma. Mpaka leo naweka magunia mlangoni, midomo imekunjwa, kopo juu. Mnajua inavyokuwa: kiangazi kikishika, vumbi la barabara linatua kwenye mchele, kuku wa jirani anapita kudonoa, na kila mteja lazima azamishe mkono mpaka kiwiko "aone ya chini yakoje". Siwalaumu, nikienda sokoni na mimi ndivyo ninavyofanya.

Nataka masanduku ya kuonyesha ndani, yapangwe kwenye ukuta wa mita tatu, mteja achukue mfuko, ajichotee, apime, alipe. Dar niliona yale ya kuvuta mpini, nafaka inashuka yenyewe. Fundi niliyempata amenichorea makabati ya mninga, ya mraba, yote saizi moja, tundu chini katikati. Bei yake tuiache. Wasiwasi wangu ni huu: unga utatoka kwenye tundu hilo? Na sukari masika itakuwaje? Aliyewahi kutengeneza au kutumia anieleze.

FundiNgambo:

Dada, usimpe huyo fundi hata hela ya misumari kwanza. Kabati la mraba lenye tundu katikati linahifadhi, halishushi. Nafaka ya katikati itatoka, ya kwenye kona itabaki pale mpaka Krismasi, na hapo ndipo fukusi watakapoanzia.

Kabla ya mchoro wowote, chukua kilo moja ya kila bidhaa, imwage taratibu mezani sehemu moja, iache ijijengee kichuguu. Tazama mteremko wake. Maharage na mchele hutambaa, utapata digrii thelathini na kitu. Sukari ikiwa kavu haiachani sana na hapo. Unga husimama kama ukuta, ukiuchota ubavuni unabaki na shimo na juu hapadondoki. Sasa sakafu ya ndani ya sanduku lazima iwe kali kuliko kichuguu cha bidhaa yenyewe. Mimi kwa nafaka sishuki chini ya 45. Na usikubali umbo la faneli la pande nne: pale mbao mbili za mteremko zinapokutana, ule mstari wa kona unalala zaidi ya mbao zenyewe, kwa hiyo hata ukipima 45 kwenye ubao, konani unakuwa na pungufu. Teremsha upande mmoja tu, kutoka nyuma kuja mbele, kwa upana wote.

Mpini nao uache. Ule una vipuri, kikikatika kimoja utakipata wapi hapa mjini? Fanya hivi: mteremko uishie kwenye mdomo mpana chini ya uso wa mbele, na mbele ya mdomo kuwe na kibeseni kifupi chenye kifuniko cha bawaba. Maharage yatashuka yajaze kibeseni, yakifika usawa wa mdomo yanajizuia yenyewe. Mteja akichota, mengine yanateremka. Unamimina juu, anachota chini, ya zamani yanatangulia kuisha. Na mkono wa mtu unagusa kilo moja mbili za kibeseni, gunia zima liko salama.

Unga na sukari usivishushe kabisa. Hivyo ni vya sanduku la kuchota kwa juu, kifuniko kinachobana na kilicholala mteremko. Kikiwa tambarare watakuwekea mikoba, soda, na mtoto juu yake. Ndani weka kizigeu katikati: unauza upande wa kushoto mpaka uishe, unausafisha, ndipo unahamia kulia. Ukimwaga mpya juu ya zamani, ya chini haitatoka kamwe. Sukari masika itavuta unyevu tu hata ufanyeje, kwa hiyo sanduku lake liwe dogo, la kuisha ndani ya siku chache.

Kuhusu mninga. Kiini chake kigumu wadudu wengi hawakigusi, lakini mafundi wetu hawapendi kutupa, wanaunganisha na ile sehemu nyeupe ya pembeni, na hiyo inaliwa. Halafu sisi watu wa Tabora ndio wa mwisho wa kuweka nafaka kwenye ubao. Yule dumuzi, wengine mnamwita skania, kwao ni Amerika ya Kati, na Afrika alijulikana kwanza huku huku mkoani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anakula mahindi na makopa, ila na ubao anautoboa akajificha humo. Mninga iwe fremu ya nje ya kupendezesha. Panapogusa chakula paweke bati la alumini.

Uso wa mbele: kioo kikipasuka, kilo zote zilizomo ni za kutupa, nani atachambua vipande kwenye mchele? Tumia perspeksi, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ya milimita 4 au 5. Watengeneza mabango wanayo, ulizia vipande vilivyobaki. Haipendi kufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu, inachubuka na kuwa ukungu. Ioshe kwa maji na sabuni. Na silikoni ya kuunganishia isiwe ya bafuni, ile ina dawa ya kuzuia kuvu. Nunua ya matangi ya samaki, na usiweke chakula mpaka harufu ya siki iishe yote.

MwanaKibirizi:

Salamu kutoka Kigoma. Mama, hao dagaa wetu usiwaingize kwenye huo mstari. Wana mafuta. Wakipigwa jua kupitia hiyo perspeksi wanageuka rangi na kuanza kuwasha kooni, na harufu yao itahamia kwenye mchele, mteja atadhani umeupika. Kwenye sanduku la mteremko pia watakatikakatika, utabaki na vichwa na unga. Weka trei pana ya kina kifupi, kifuniko cha wavu mwembamba, upande wa duka wenye kivuli, mbali na sukari. Wachache wachache, mzigo mwingine ubaki umefungwa. Na kikopo chao kiwe chao peke yake, ukifunge kwa mnyororo, la sivyo jioni utakikuta kwenye karanga.

Karanga nazo hazipendi jua, zinachacha. Zipe sanduku la mwisho lililo mbali na mlango.

Mchuuzi_Ipuli:

Mnaongea vizuri ila hamjauza rejareja nyie. Mteja wa Tabora haji na kilo kichwani, anakuja na mia tano. "Nipe ya mia tano." Ukimwambia ajichotee, atachota ya elfu na mia mbili, akifika kaunta anarudisha, na hicho alichorudisha kimeshapita mfukoni mwake. Hapo usafi wote umekwisha.

MamaIsevya:

Mchuuzi umenigusa penyewe, robo tatu ya wateja wangu ndio hao. Nifanyeje sasa, nifunge vifuko vya mia tano mia tano?

FundiNgambo:

Vifuko ni sawa kwa sukari, hata mimi ningefunga. Kwa maharage kuna njia nyingine: usiweke mzani kaunta, uweke pale pale katikati ya masanduku, kioo chake kimtazame mteja. Mzani wa dijitali wa kuingiza bei ya kilo. Anaweka mfuko, unarudishwa sifuri, anaongeza kidogo kidogo huku anasoma shilingi. Ikifika 500 anaacha. Hakikisha Wakala wa Vipimo wameuhakiki na stika ya mwaka ipo, maana mteja anayejipimia mwenyewe ndiye wa kwanza kuuliza.

Na njia ya duka iwe moja. Yule Mmarekani Clarence Saunders, aliyefungua duka la kujihudumia kule Memphis mwaka 1916, alilipanga hivyo: unaingia huku, unazunguka mbele ya bidhaa zote, unatokea kwa mpokea hela. Mwaka uliofuata akapewa hataza, yaani haki ya mbunifu ili asiigwe, ya mpangilio huo. Wewe mlango ni mmoja, basi masanduku yaanzie mlangoni, wewe ukae mwisho.

MamaIsevya:

Nimeelewa. Vipimo sasa, fundi. Na masanduku mangapi yataingia?

FundiNgambo:

Ndani: upana sentimita 25, kina 30, kimo 60. Ukitoa kipembe kinachomezwa na mteremko zinabaki lita 33 na ushee, ambazo kwa maharage ni kama kilo 25. Ya mteremko unahitaji sita: mchele, maharage matatu, choroko, karanga. Ya kuchota mawili. Manane hayo yanakula mita mbili na kidogo, panapobaki ni pa mzani na mifuko ya karatasi. Kibeseni kiwe sentimita 85 hivi kutoka sakafuni, mama mwenye mtoto mgongoni asiiname. Juu itafika kama mita moja na nusu pamoja na kifuniko, kwa hiyo utamimina kwa debe ukiwa juu ya kigoda, usithubutu kunyanyua gunia. Chini yake weka magunia ya akiba, juu ya chaga, yasiguse saruji.

Mdomo usimruhusu akate ukubwa mmoja kwa yote. Ukiwa mwembamba, karanga zinashikana zinajenga daraja, hakishuki kitu. Ukiwa mpana, choroko zinafurika kibesenini. Mwambie afunge kibati cha kupanda na kushuka pale mdomoni, skrubu mbili. Karanga unalegeza, choroko unabana.