Hivi Mungu bado anasema kupitia manabii, au ufunuo ulishafungwa? Wenye maandiko njooni

KijanaWaRungwe:
Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili kwa heshima, mada za dini humu najua huwa zinaishia wapi.

Iko hivi. Mimi nimelelewa Moravian, kwetu mtu akisema Neno la Mungu anamaanisha Biblia basi, mchungaji anasoma, anahubiri, mnaimba mnarudi nyumbani kula. Sasa dada yangu mkubwa alihamia huduma moja hapa Dar (siitaji) na mtumishi wa pale anaitwa nabii, majuzi kamwita mbele ya watu ibadani kamwambia "Bwana anasema acha hiyo kazi ndani ya mwezi huu, kuna mlango mkubwa unafunguka". Dada ana ajira ya serikali, ana watoto, ana mkopo unakatwa kwenye mshahara, na barua ya kuacha kazi kashaandika bado kuipeleka tu. Nikimwambia subiri kwanza ananijibu mdogo wangu unataka nibishane na Mungu?

Sitaki tumjadili huyo mtumishi, simjui vizuri. Swali langu ni hili: alichosema ni neno la Mungu kwa maana ileile ya Isaya na Yeremia? Maana kama ni ileile mbona hatukiandiki nyuma ya Biblia baada ya Ufunuo 22? Na kama sio ileile, kwa nini dada anaambiwa "Bwana anasema"?

MzeeWaUsharika:
Kijana umeuliza vizuri na jibu umeshalishika mwenyewe kwenye swali lako la mwisho.

Soma Waebrania 1, mstari wa kwanza na wa pili: "Mungu, ambaye alisema zamani na baba zetu katika manabii kwa sehemu nyingi na kwa njia nyingi, mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana". Amesema. Waefeso 2:20 inasema kanisa limejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, sasa mimi ni fundi ujenzi mstaafu, sijawahi kuona mtu anamwaga msingi ghorofa ya tatu. Mitume walishaondoka, manabii wa aina ile walishaondoka, tulichobaki nacho ni maandiko na Roho wa kutusaidia kuyaelewa. Hawa wa sasa wanaotamka Bwana anasema asubuhi mchana na jioni waulizwe Kumbukumbu la Torati 18:20 inasema afanywe nini nabii anayesema kwa kujikinai neno ambalo Mungu hakumwagiza. Sisemi wauawe jamani msije mkanishtaki.

Na kanisa limeshapita hapa zamani sana. Karne ya pili kule Frigia (ni Uturuki ya leo) alitokea Montano na wanawake wawili, Priskila na Maksimila, wakadai Roho anasema kupitia kwao moja kwa moja, Maksimila akasema baada yake hakuna nabii mwingine, ni mwisho wa dunia tu. Kafa, dunia ipo. Hata Tertuliano na usomi wake wote aliwafuata. Kwahiyo usimshangae dada yako, hata wasomi wanabebwa.

Sista_K:
Mzee shikamoo, ila hapo kwenye "walishaondoka" umekimbia haraka mno.

Mimi ni Mpentekoste wa kuzaliwa na sitetei kila anayejiita nabii, wengine hata mimi nawakimbia. Lakini Agabo unamweka wapi? Hakuandika kitabu, hakuna Waraka wa Agabo, na Biblia inamwita nabii. Matendo 11 katabiri njaa na ikaja wakati wa Klaudio. Filipo alikuwa na binti wanne wanatabiri (Matendo 21:9), hatujui hata neno moja walilosema. Korintho kulikuwa na manabii mpaka Paulo akalazimika kuwapangia zamu. Kwahiyo tangu mwanzo kulikuwa na unabii ambao haukuwa wa kuingia kwenye Biblia, na bado ulikuwa kazi ya Roho. Halafu Paulo anasema waziwazi "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema". Kama kila unabii ni sawa na Isaya, unaujaribu wa nini?

Sasa kwa dada yako naomba msome naye Matendo 21 taratibu maana watu wanairuka. Paulo yuko njiani kwenda Yerusalemu. Mstari wa 4, wanafunzi wa Tiro wanamwambia "kwa Roho" asipande kwenda. Akaenda. Kaisaria akaja Agabo, kachukua mshipi wa Paulo kajifunga mikono na miguu, kasema Roho anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Watu wote wakalia wakamsihi asiende, na Luka mwenyewe aliyeandika yumo kwenye hao waliolia. Paulo kafanyaje? KAENDA. Na hakuna mahali Biblia inasema Paulo kabishana na Mungu. Angalia pia Agabo hakumwambia usiende wala nenda, kamwambia litakalomkuta, uamuzi kamwachia mwenyewe. Huyo ni nabii wa Agano Jipya kweli kweli na hakushika usukani wa maisha ya mtu. Sasa mtu anayekupangia tarehe ya kuacha kazi mbele ya kusanyiko zima, kamera ziko on, huo utaratibu kautoa wapi?

MzeeWaUsharika:
Marahaba binti. Ila kuna wenzako wanasema huyo Agabo alikosea kidogo, kwamba alisema Wayahudi watamfunga Paulo na kumkabidhi kwa mataifa wakati ukisoma mbele waliomfunga ni Warumi na Wayahudi walikuwa wanataka kumuua tu, halafu wanalitumia hilo kusema basi nabii wa leo anaweza kukosea kidogo na akabaki nabii. Hapo mimi sikubali. Paulo mwenyewe Matendo 28:17 anasema alitiwa mikononi mwa Warumi kutoka Yerusalemu, yaani Agabo alipata. Mkishaanza kuruhusu nabii wa asilimia 60 mmefungua mlango ambao hamtaufunga.

Sista_K:
Sikusema alikosea mzee wangu, hayo ni ya wengine 😂 mimi nimesema alipimwa. Tofauti ipo.

mpita_njia_7:
Mimi ninachojua kila mkesha wa mwaka mpya wanatabiri kifo cha "kiongozi mkubwa" na ajali ya "chombo cha usafiri". Corona sikumsikia hata mmoja aliyeitaja kabla haijaja. Endeleeni.

MsomajiWaNgara:
Nimesoma yote nikaona niongeze la Wakatoliki maana huwa tunadhaniwa hatuna habari za unabii kabisa.

Sisi tunafundishwa hivi: ufunuo wa wazi, ule wa imani, ulifungwa alipokufa mtume wa mwisho, hauongezeki. Lakini Mungu anaweza kumtokea mtu au kumtuma Bikira Maria na ujumbe, huo unaitwa ufunuo wa binafsi na haujazi wala haurekebishi wa kwanza, kazi yake ni kukusaidia kuliishi lile lililokwisha kusemwa. Na hata Kanisa likiupitisha hulazimishwi kuuamini. Hapo ndo naomba watu wapasikie vizuri, HULAZIMISHWI.

Mimi natokea Ngara, mpakani na Rwanda, Kibeho sio mbali na watu wa kwetu wanaenda hija. Tarehe 28 Novemba 1981 msichana wa shule pale Kibeho, Alphonsine Mumureke, alisema kamuona Bikira Maria kwenye bwalo la chakula. Wenzake walimcheka, wakasema anaigiza. Baadae Nathalie na Marie Claire nao wakaona, na Marie Claire ndo alikuwa anaongoza kumcheka. Agosti 1982 walisema wameonyeshwa mito ya damu, watu wanauana, maiti zisizo na vichwa, wasichana wakawa wanalia mbele ya umati. Miaka 12 baadae ikaja 1994, mnajua wenyewe, na kanisa la Kibeho lenyewe watu waliuawa mle ndani.

Sasa Kanisa lilifanyaje? Halikukimbilia kupaza sauti. Askofu wa Butare mwaka huohuo wa 1982 akaunda tume, moja ya madaktari, moja ya wanateolojia. Wakapimwa akili, wakapimwa mwili, wakahojiwa kama maneno yao yanapingana na imani. Kukatokea waonaji wengine wengi maana jambo likishapata umaarufu kila mtu anaona. Mwisho Juni 2001 Askofu Misago wa Gikongoro katangaza kwamba inaaminika, na ni kwa wale watatu wa mwanzo tu, wengine hawakupita. Yaani unabii wenye mito ya damu ulioonekana kutimia kabisa bado ulisubiri miaka karibu 20.

Ukivuka tu kwenda Uganda, Kanungu, nako walikuwepo watu wanaodai kumuona Maria na kupewa ujumbe. Hao hawakupimwa na mtu, walijitenga na Kanisa, wakawaambia waumini wauze mali, mwisho wa dunia ukapangiwa tarehe, tarehe ikapita bila kitu. Machi 17 mwaka 2000 waumini wakafungiwa kanisani ukawashwa moto, mamia wakafa na makaburi mengine yakaja kufukuliwa baadae. Madai ni yaleyale kabisa, Maria kasema. Huku yalipita mikononi mwa watu wenye ruhusa ya kusema hapana, kule hapakuwa na mtu wa kusema hapana. Kwahiyo mkuu wa Rungwe, mimi ningemuuliza dada yako swali moja: pale kwenu nani anaruhusiwa kumwambia nabii hapana?

Karembo_Malindi:
Hiyo ya mwisho umeongea ukweli. Mimi niko Malindi, Shakahola iko huku kwetu, 2023 walifukua miili zaidi ya mia nne msituni, watu waliambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "Mungu amenituma kwako" naanza kumuuliza ametumwa na nani mwingine ambaye ninaweza kumpigia simu.

BaSaidi_Tanga:
Assalam aleikum wakubwa. Mimi Muislamu napita tu ila mada imenivuta maana na sisi tumegombana sana kwenye hili.

Kwetu mlango wa unabii umefungwa, Suratul Ahzab aya ya 40, Mtume Muhammad (s.a.w) ni Khatamun Nabiyyin, yaani wa mwisho wa manabii. Hakuna wahyi (ufunuo) tena. Kilichobaki kwa mujibu wa hadithi ni ndoto njema, na hiyo ndoto ni yako, huwezi kunipa mimi amri kwa ndoto yako. Naona inafanana kidogo na alivyosema wa Ngara.

Ndio maana Ahmadiya (wengine wanawaita Makadiani) walileta moto mkubwa Afrika Mashariki, wao wanamkubali Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian aliyefariki 1908 kuwa ni nabii, japo chini ya Mtume na bila sheria mpya. Mwaka 1953 wakatoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili kutoka Nairobi, masheikh wa pwani hawakulala, Sheikh Abdullah Saleh Farsy akaja na yake kamili 1969 na mle ndani anawajibu Makadiani aya kwa aya. Yaani suala la "je nabii anaweza kuja tena" limetupatia tafsiri za Qurani mnazoziona kwenye makabati ya wazee. Na cha ajabu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi yule, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadae waziri, alikuwa Ahmadiya, na watu walimheshimu hivyohivyo. Walibishana kwa vitabu. Nyie mnabishana kwa spika.

Sista_K:
Ba Saidi umetupiga hapo mwisho 😅 ila kweli.

MsabatoWaMara:
Nashangaa hakuna aliyemtaja Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa letu, wakati Wasabato tumejaa nchi hii. Kifupi: sisi tunaamini karama ya unabii haikufa, alianza kupata maono Desemba 1844 akiwa binti wa miaka 17 na akaendelea mpaka uzee, kafariki 1915. Lakini mwenyewe maandishi yake aliyaita nuru ndogo ya kuwaongoza watu kwenye nuru kubwa ambayo ni Biblia. Na nakiri kuna wenzetu wanamsoma yeye zaidi ya Biblia, hilo tunalisema hata kwenye lesoni (masomo ya Biblia ya Sabato).

KijanaWaRungwe:
Wakuu nimewasoma wote, shukrani sana. Jana nilikaa na dada tukasoma Matendo 21 kama Sista_K alivyoshauri, alikaa kimya muda mrefu halafu akaniambia "lakini Paulo alikuwa mtume, mimi ni nani". Nikamuuliza la wa Ngara, nani anamwambia nabii hapana, akasema pale wazee wa kanisa wanateuliwa na nabii mwenyewe. Barua hajapeleka. Hajaichana pia.

Sista_K:
Mwambie hakuambiwa awe mtume ndio apime, 1 Wakorintho 14:29 "manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue", wengine ni waumini wa kawaida kina yeye. Na mwonyeshe Yeremia 28. Hanania katamka mbele ya watu hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli, habari tamu, kila mtu alitaka iwe hivyo. Yeremia kajibu Amina, Bwana na afanye hivyo, ila tusubiri tuone kama neno litatimia. Hanania kamvunjia na nira shingoni, na Yeremia kajiondokea zake. Nabii wa kweli alikubali kusubiri. Dada naye anaweza kusubiri huo mlango ufunguke kwanza akiwa bado na mshahara, kama ni wa Mungu utafunguka.

MzeeWaUsharika:
Binti hapo nimekukubali. Lakini niambie ukweli, hiyo "wengine wapambanue", kanisani kwenu umeshawahi kuiona kwa macho yako? Nabii kasimama katamka, wengine wakapima, akaambiwa hapana hadharani?

Sista_K:
Nimeiona mzee. Kaka mmoja alitamka kwamba Bwana kasema binti fulani wa kwaya ni mke wake, wazee wakamuita na yule binti wakamsikiliza, wakamwambia mbele ya kanisa hilo neno sio la Bwana, kaa chini. Akakaa. Ila baadae alihama, akafungua huduma yake, na kwenye bango la barabarani ameandikwa Nabii.