Muhula mmoja nje ya nchi: nifanyeje krediti zisipotee?

Mwuliza swali
Wakuu, salaam. Nimekubaliwa kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Niko mwaka wa 3, sitaki nirudi niambiwe nirudie masomo. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Hongera sana. Anza na mkataba wa masomo, ile fomu inayotaja kila kozi utakayosoma kule na kozi ya chuoni kwako itakayofidiwa. Isainiwe na pande tatu kabla hujaondoka: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Ahadi ya mdomo ya mhadhiri haikusaidii akishahama idara.

Vyuo vingi vya Ulaya hutumia krediti za ECTS, yaani mfumo wa pamoja wa Ulaya wa kuhesabu na kuhamisha krediti: 60 kwa mwaka, 30 kwa muhula. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kujisomea na mitihani ikiwemo, kwa hiyo kozi ya ECTS 6 si saa 6 za darasani bali ni saa 150 au zaidi. Uingereza mwaka una krediti 120, yaani 2 zao ni sawa na ECTS 1. Msajili akihamisha namba kama zilivyo, hesabu itaharibika. Omba uwiano uandikwe kwenye fomu yenyewe.

Ambatisha pia muhtasari kamili wa kila kozi: mada za kila wiki, saa, vitabu, namna ya kutahiniwa. Jina la kozi pekee halimtoshi mkuu wa idara.

Jibu la 2
Naongezea. Mambo huharibika zaidi wiki za mwanzo: unafika, kozi imejaa, au vipindi viwili vimegongana. Nenda na kozi mbili za akiba ambazo idara yako imeshaziridhia. Ukibadilisha hata moja, jaza sehemu ya mabadiliko na utafute saini zote upya wiki hiyohiyo. Kozi uliyofaulu lakini haimo kwenye mkataba ndiyo inayoleta vuta nikuvute ukirudi.

Halafu angalia usajili wako: uandikwe uko kwenye mabadilishano, usiandikwe umeahirisha masomo. Ukionekana umeahirisha, mkopo au ufadhili unaweza kusimamishwa.

Mwuliza swali
Asanteni mno. Na viza? Muhula ni miezi 5.

Jibu la 3
Viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ya muda mfupi haikufai, mwisho wake ni siku 90 ndani ya siku 180. Omba viza ya taifa, aina D, ya nchi unayokwenda. Baadhi ya nchi zitakutaka uombe na kibali cha ukaazi ukishafika.

Usikate tiketi ya kurudi kabla ya kuona kalenda ya mitihani. Ujerumani, kwa mfano, mihadhara ya muhula wa baridi huisha Februari lakini mitihani mingine hufuata baadaye, na ya marudio huchelewa zaidi. Kabla ya kuondoka kule kurudi nyumbani, rudisha vitabu vya maktaba na uulize transkripti (hati ya matokeo yako) itatumwa lini, moja kwa moja kwa msajili wako.