Naomba ushauri: jukwaa nimelizoea, kamera inanishinda

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie kijana wa miaka 21, mkaazi wa Michenzani, Unguja. Nilianza kuigiza darasa la tatu, sherehe ya skuli. Nilipewa uzee wa kukohoa, ndevu za pamba zikanidondoka mbele ya wazazi, watu wakacheka hadi machozi. Tangu siku ile sijashuka jukwaani. Nimeshacheza mara mbili Ngome Kongwe, ile ngome ya Mji Mkongwe yenye ukumbi wa wazi, na pale ukitaka aliyekaa ngazi za juu akusikie, sauti lazima itoke tumboni.

Hilo ndilo linaloniponza. Mwezi uliopita niliitwa kujaribiwa kwa tamthilia ya televisheni. Kamera ilikuwa shubiri tatu tu kutoka puani, nami nikatoa sauti ya Ngome. Muongozaji akaniuliza, "Kijana, huyo unayemgombeza yupo kisiwani Chumbe?" Nikarudia mara sita, nyusi bado zinaruka. Sasa kila usiku najirekodi kwa simu, lakini nikijitazama naona aibu tu, kosa silioni.

Mliotoka jukwaani mkaingia kwenye filamu, mlijifunzaje kupunguza?

Halafu kuna mtu Dar ananitaka nitume pesa kwanza ndipo anipe nafasi. Bi mkubwa kasema hata nauli ya boti hatoi. Ni kawaida kulipia, au naliwa? Au nitulie nisubiri ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, nionane na watengeneza filamu hapa hapa Mji Mkongwe? Nikiwaona, nianzeje mazungumzo bila ya kuonekana ombaomba?