Lotus Elise: S1 ya Rover au S2 ya Toyota?

kibao_cha_gia: Wakuu, nataka Elise ya mkono wa pili hapa Uingereza. Nimeona S1 (kizazi cha kwanza cha gari hili) ya 1999 yenye injini ya Rover K, na S2 (kizazi cha pili) aina ya 111R ya 2005 yenye injini ya Toyota. Nikague nini kabla sijatoa hela?

spana_kumi: Chesisi ni karibu ileile, alumini iliyogandishwa kwa gundi, ila S2 kingo za mlangoni zimeshushwa, kuingia si mateso tena. S1 ina kilo 700 na ushee, nguvu za farasi 118, gia tano. 111R ina kilo 860, farasi 189, gia sita. Usukani wa S1 unaongea zaidi, hilo halina ubishi.

Kwenye injini ya Rover K kagua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Maji ya kupoza ni machache na temostati (vali inayofungua maji yakipata moto) iko upande wa maji yanayoingia, kwa hiyo ikifunguka, maji baridi ya rejeta hupiga injini ya moto ghafla.

oili_safi: Uji mweupe kwenye kifuniko cha oili peke yake si ushahidi kwamba gasketi imekufa, gari la safari fupi hutoa unyevu huo. Angalia kama maji yanapungua.

Kama gasketi imekufa: hedi ikishatoka USIZUNGUSHE krenki, slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zitanyanyuka na maji yatashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Slivu lazima zizidi uso wa bloku kidogo. Zikizama, gasketi mpya haidumu. Pini za plastiki zinazoshika hedi mahali pake, weka za chuma. Bolti za hedi ni kumi, kaza ukianzia katikati kwenda nje: Nm 20, kisha nyuzi 180, kisha 180 tena.

spana_kumi: Na utoe hewa yote kwenye maji ya kupoza. Injini iko nyuma, rejeta mbele, mabomba ni marefu.

mpenda_kona: Toyota nayo si malaika. Kamu kubwa (inayofungua vali zaidi na kuleta nguvu) huingia kwenye mizunguko 6,200 kwa dakika; chini ya hapo ni gari la kawaida tu. Ukikosea gia wakati wa kushusha, injini inapita kiwango na gia za pampu ya oili huvunjika. Kwa S2 tikisa gurudumu la nyuma kushoto-kulia: boljointi ya toe linki (fimbo inayoshika mwelekeo wa gurudumu la nyuma) ikilegea, hasa gari lililokimbizwa kwenye uwanja wa mbio, badilisha kwanza. Rejeta zake zina matangi ya plastiki yanayovuja pembeni, na kuzitoa ni hadi ung'oe bodi nzima ya mbele. Omba bei ipunguzwe hapo.

kibao_cha_gia: Tairi?

mpenda_kona: S1: 185/55 R15 mbele, 205/50 R16 nyuma. S2: 175/55 R16 na 225/45 R17.