Mdogo wangu alienda Marekani kurusha kisahani, sasa wanamtaka awe raningi beki

Dada wa Pasua: Habari za jioni wakuu, niko hapa Moshi. Mdogo wangu alianzia UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, kwenye kisahani na tufe mpaka akapata skolashipu ya chuo Marekani, juzi kapiga simu eti kocha wa ule mpira wao wa kubeba mkononi kamuona anavyokimbia anamtaka awe raningi beki, yule anayepewa mpira akimbie nao. Nimemuonyesha mama kavideo kamoja tu kaniambia zima hiyo simu, tangu jana uji wake haumalizi. Dogo ana miaka 21 na huo mpira hajawahi hata kuushika, si kachelewa jamani? Na inalipa au ni kuvunjwa tu?

Mangi Kibosho: Pole na mama dada. Kuchelewa hajachelewa, mtafute Christian Okoye, Mnaijeria kabisa, naye alienda chuo cha Azusa Pacific kule California kwa ajili ya kisahani, Nigeria walipomwacha kwenye timu ya Olimpiki ya 1984 ndo akaingia kwenye huo mpira akiwa na miaka 23. Timu ya Kansas City Chiefs wakamchukua 1987, na mwaka 1989 akaongoza NFL nzima, ligi yao kubwa, kwa yadi 1,480 za kukimbia na mpira! Jitu la kilo kama 118 linakuja mbio, nani anasimama mbele? Mimi huyu jamaa nampenda sana aisee.

Kijana wa Ngarenaro: Mangi malizia na stori basi. Mwaka huo 1989 Okoye alipewa mpira mara 370, yaani mara 370 anakimbilia kwenye ukuta wa watu, mwaka uliofuata yadi zikashuka hadi 805 na 1992 ndo ukawa msimu wake wa mwisho, misimu sita tu. Dada mimi nimecheza raga hapa Arusha, bega la kulia hadi leo nikivaa shati naanza na mkono huo kwanza, na hiyo ni raga ya wikiendi. Raningi beki kila akipokea mpira wote wanamjia yeye, ndo maana akikaribia miaka 30 timu zinaanza kumkwepa. Raningi beki mwingine, Barry Sanders wa Detroit, alijiondoa mwenyewe 1999 mwili bado mzima, ana yadi 15,269, zimebaki 1,457 tu amfikie Walter Payton aliyekuwa anaongoza kwa yadi za muda wote, na hakurudi. Namheshimu kwa hilo kuliko hata yadi zake.

Mama Wawili: Mi mpira siujui ila karatasi nazijua. Skolashipu yake ni ya riadha, akihamia huko nani analipa ada? Akiumia goti je, anatibiwa na nani, anaendelea kusoma? Apewe kwa maandishi, asikubali maneno ya kocha ya uwanjani.

Dada wa Pasua: Asanteni mno. Nimemtumia maswali ya Mama Wawili kama yalivyo, kasema Jumatatu anaenda nayo ofisini kwao na hasaini kitu kabla hajanitumia picha ya karatasi. Mama nimemsimulia ya Okoye, akauliza kitu kimoja tu, huyo Okoye magoti yake sasa hivi yakoje?