Kitambaa cha drafti chenye mwiba wa samaki: fremu nne zinatosha?

Mfumaji_Moshi
Wakuu habari za kazi. Mteja mwenye loji ameniachia kipande cha kitambaa cha sentimita 20 kwa 20. Anataka mashuka 40 ya wageni kujifunika jioni, kila moja mita 1 kwa mita 1.5, yafanane nacho. Ni drafti ya nyekundu na nyeusi yenye mstari mwembamba mweupe, na ndani yake kuna mistari ya mwiba wa samaki. Ukingo hakina. Mashine zangu ni za mkono, fremu nne (fremu ndizo zinazoinua nyuzi kwa makundi), na fundi mmoja ameniambia mfumo huo unajirudia kila nyuzi nane, kwa hiyo lazima fremu nane. Mteja anasema ni pamba tupu. Naomba kujua: mtande (nyuzi za urefu, zinazofungwa mashineni) ni upi, fremu nne zinatosha, na niagize uzi namba ngapi, kilo ngapi? Mizani yangu ni ya jikoni, inaanzia gramu moja.

FundiChanuo (Arusha)
Mkuu, kabla ya mkasi, pitisha uzi wa rangi tofauti kwenye kona moja ili ujue juu ni wapi na uso ni upi. Kipande kikishafumuliwa nusu ni rahisi kukigeuza bila kujua, na mchoro wote ukatoka kinyume.

Kutafuta mtande pasipo ukingo, kishike kwenye mwanga wa dirisha. Nyuzi za mtande zilipita kwenye meno ya chanuo, kile kichana cha mashine, kwa hiyo mara nyingi utaziona zimekaa mbili mbili au tatu tatu zenye mwanya mdogo kati yake, na zimenyooka. Mshindio, yaani uzi wa kukingama, huyumba kidogo na nafasi zake hazilingani. Kisha chomoa uzi mmoja kila upande. Uliosokotwa zaidi, au ulio wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja wakati mwenzake ni mmoja, kwa kawaida ndio mtande, maana ndio unaovutwa na kusuguliwa mashineni. Usitegemee dalili moja. Zikikubaliana zote, chora mshale.

Sasa fremu. Idadi ya fremu haifuati urefu wa mrudio, inafuata ni nyuzi ngapi za mtande zinazofanya kazi tofauti. Chomoa mishindio ya juu mpaka mtande ubaki umening'inia kama sentimita moja, na upande wa kushoto chomoa nyuzi chache za mtande vivyo hivyo. Kwa sindano, sogeza mshindio wa kwanza uingie kwenye zile nyuzi zinazoning'inia bila kuutoa, usome kuanzia kushoto: mtande ukiwa juu ya mshindio, jaza mraba kwenye daftari la hesabu, ukiwa chini, uache mtupu. Utoe, sogeza wa pili, andika mstari unaofuata chini yake. Usiishie mrudio mmoja, soma mpaka uone umejirudia mara mbili pande zote.

Halafu linganisha safu za wima. Mwiba wa samaki wa 2 juu 2 chini una nyuzi nane, lakini safu za aina nne tu. Upitishe mtande kwenye fremu hivi: 1 2 3 4 2 1 4 3. Inua 1 na 2, kisha 2 na 3, kisha 3 na 4, kisha 4 na 1, urudie. Angalia pale mshazari unapogeuka: kutoka fremu ya 4 kwenda ya 2, uzi mmoja ukiwa juu jirani yake yuko chini kila mara, ndiyo maana kuna kamstari kakali kwenye kona. Kama kwako hakapo, na mshindio unaruka nyuzi tatu pale konani, basi ni mshazari wa kurudi, 1 2 3 4 3 2. Huo nao ni fremu nne.

Maabara_Themi
Naongezea kwenye uzi. Choma nyuzi za kila rangi peke yake, mtande mbali na mshindio mbali. Ukikichoma kitambaa kizima hutajua nini kimetoka wapi. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, huacha jivu laini la kijivu. Polista hujikunja na kuyeyuka, moshi mweusi, huacha tone gumu lisilosagika kwa vidole. Akriliki nayo huyeyuka ikiwaka kwa kasi na kuacha uvimbe mgumu mweusi. Ukipata harufu ya karatasi pamoja na punje ngumu, ni mchanganyiko wa pamba na polista.

Dondoshea pia tone la aidini ya duka la dawa mahali peupe. Likigeuka bluu, kitambaa bado kina wanga uliopakwa mtande, na uzito wote utakudanganya. Kifue kwa maji ya moto, ukaushe, ndipo upime.

Mizani ya jikoni haifai hapa. Tafuta ya maabara ya shule au ya wauza madini. Wanunuzi wa tanzanite hapa Arusha wana mizani inayosoma sehemu ya mia ya karati, yaani gramu 0.002, na hiyo inatosha kabisa. Pima vyote kwa mkupuo mmoja, maana pamba hunyonya unyevu wa hewa. Ukipima mtande siku ya jua na mshindio siku ya mvua ya masika, hesabu hazitakubaliana.

Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10 unaofuata nyuzi, upime. Hesabu nyuzi kwa sentimita sehemu tano tofauti. Kisha toa nyuzi 20 za mtande na 20 za mshindio kutoka kwenye mraba huo. Nyoosha kila uzi mpaka mkunjo utoke, usiuvute zaidi, upime urefu kwa rula, na mwishoni zipime kundi kwa kundi. Tuletee namba.

Mfumaji_Moshi
Asanteni sana. Aidini haikugeuka. Mraba ni gramu 1.83. Mtande 18 kwa sentimita, mshindio 16. Nyuzi za mtande zikinyooshwa ni sm 10.6, za mshindio sm 10.8. Nyuzi 20 za mtande gramu 0.106, za mshindio 0.108. Mtande ni wa nyuzi mbili, mshindio ni mmoja. Nyekundu na nyeusi ni pamba, nyeupe imeacha punje ngumu. Kwenye kona kamstari kakali kapo. Mrudio wa rangi kwenye mtande: nyekundu 48, nyeusi 20, nyeupe 4. Kwenye mshindio: nyekundu 43, nyeusi 18, nyeupe 3.

Maabara_Themi
Kazi safi. Mtande: nyuzi 20 za sm 10.6 ni mita 2.12, gramu 0.106, kwa hiyo gramu 50 kwa mita 1,000, yaani tex 50. Mshindio ni mita 2.16 kwa gramu 0.108, tex 50 vilevile. Gawa 590.5 kwa 50 upate namba ya uzi ya Kiingereza: 11.8. Agiza 24/2 (nyuzi mbili za namba 24 zilizosokotwa pamoja) kwa mtande na 12 ya uzi mmoja kwa mshindio.

Hakiki kabla ya kununua. Mtande katika mita ya mraba: 1,800 × 1.06 × 0.05 = gramu 95.4. Mshindio: 1,600 × 1.08 × 0.05 = 86.4. Jumla 181.8, na mizani ilisema 183. Tofauti haifiki asilimia moja, kwa hiyo vipimo vyako ni vya kuaminika. Ingezidi asilimia tano ningekurudisha kuhesabu nyuzi upya.

FundiChanuo (Arusha)
Upana: mshindio una mkunjo wa asilimia 8, kwa hiyo kwenye chanuo kaa sm 108 ili upate 100. Nyuzi 1,800, mbili kwa kila jino, ni meno 42 kwa inchi mbili. Hiyo ndiyo namba ya chanuo. Watu huweka nyuzi 18 kwa sentimita kwenye chanuo kwa kuwa ndizo walizohesabu kwenye kitambaa, shuka linatoka na sm 93.

Kilo: mashuka 40 ni mita 60, ongeza mkunjo wa asilimia 6 zinakuwa 63.6. Weka sm 20 za pindo na matamvua kwa kila shuka, mita 8 zaidi, na mita 2 za mabaki ukitanda mara mbili. Mita 73.6 × nyuzi 1,800 × gramu 0.05 = kilo 6.6, weka 7 kwa ajili ya upotevu. Mshindio ni kilo 5.2, weka 5.5. Ukigawa kwa rangi: nyekundu kilo 8.4, nyeusi 3.5, nyeupe kama 0.65. Kumbuka kila rangi utaiagiza kwa namba mbili, 24/2 na 12.

Hizo hesabu witiri za mshindio, 43 na 3, zinaonyesha sampuli ilifumwa kwenye mashine isiyobanwa na shato (kifaa kinachopitisha mshindio kutoka upande mmoja kwenda mwingine). Kwa mkono, mishindio mitatu inakuacha na shato upande usio wake. Fanya nyeupe 4 na nyekundu 42, mrudio unabaki 64 na kila shato linarudi lilikotoka. Hapo nyeupe inapanda hadi kama kilo 0.73 na nyekundu inashuka hadi 8.3. Mwambie mteja mapema.

Na mfahamishe kuhusu nyeupe. Ukiweka pamba tupu itakuwa ndivyo alivyosema, lakini sampuli yake si hivyo.

Kitanda_cha_Mfumi
Moja tu kutoka kwangu. Kwenye mwiba wa samaki, mstari mmoja wa mshazari utaonekana mkali kuliko mwenzake. Mshazari unaolala kinyume na msokoto wa uzi hujitokeza, unaofuata msokoto hufifia. Usikimbilie kubadilisha upitishaji.

Ukishatanda, fuma sm 30 za majaribio. Mashineni kitambaa kimevutwa, kwa hiyo lenga mishindio kama 15 kwa sentimita, si 16. Kata, fua kwa maji ya moto, kausha, hesabu tena. Ikitoka 16 endelea. Ikipungua, ongeza nguvu ya kugonga chanuo, na mtande wenyewe usiuguse.